Kimulimuli anawaka au anang'aa? Natafuta neno la mwanga usiotokana na joto

#1 Mwalimu wa Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nafundisha Sayansi na Teknolojia katika shule ya msingi huku pwani ya kusini. Juzi tulikuwa kwenye vyanzo vya mwanga. Ubaoni nilishaandika jua, moto, mshumaa, balbu na kimulimuli. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, kimulimuli akiwaka, tumbo lake haliungui?"

Nikamjibu kwamba haliungui kwa sababu ule mwanga hauna joto. Akatulia kidogo, kisha akauliza tena: "Sasa kama haliungui, kwa nini tunasema anawaka?"

Hapo nilikwama, na nimekaa na swali hilo wiki nzima. Wenzetu wa Ulaya wanalo neno lake, luminesensi. Mwanafizikia Mjerumani Eilhard Wiedemann alilitunga 1888 kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya nuru. Upande wa pili kuna mwanga wa kitu kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu au cheupe, kama chuma cha mhunzi au waya wa balbu za zamani, nao wameupa jina lake peke yake. Sisi vyote viwili tunasema "inawaka", basi.

Angalieni vitenzi tulivyo navyo. Kuwaka asili yake ni moto: kuni zinawaka, mkaa umewaka, jua linawaka. Kumulika ni kuelekeza mwanga kwenye kitu kingine. Mwenye tochi anamulika, njia inamulikwa. Kumetameta na kumeremeta kuna kuchezacheza ndani yake, mwanga unaokuja na kutoweka, kama bahari ikipigwa na jua la asubuhi. Kunabaki kung'aa. Lakini kiatu kilichopigwa dawa nacho kinang'aa, na kiatu hakitoi mwanga wowote, kinaakisi tu wa jua.

Nina sababu nyingine ya kulifukuzia neno hili. Nikiwa na miaka kama tisa, marehemu mjomba alinichukua usiku kwenye mtumbwi kwenda kutega nyavu. Mwezi haukuwepo. Kila kasia lilipozama, maji yalitoa cheche za buluu, na lilipoinuliwa zilidondoka tone moja moja zikiwa na mwanga wake. Nikachota kwa kiganja huku nimekaza macho, nikijua nitaungua. Maji yalikuwa ya baridi. Punje mbili tatu za mwanga zilibaki kwenye mistari ya mkono wangu, kisha zikazimika. Mjomba akasema, "Bahari inawaka lakini haiunguzi." Tangu siku ile sijasikia mtu akilisema jambo hili vizuri kuliko yeye. Ila ile ni sentensi nzima, nami natafuta neno.

Ninyi huko kwenu mnasemaje?

#2 Fundi Umeme, Mwanza

Mwalimu, shikamoo.

Mimi nimewafungia wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria taa za LED mahali pa karabai, kwa hiyo hizi aina mbili za mwanga nimezishika kwa mikono. Karabai ni moto kabisa. Mafuta ya taa yanageuka mvuke, mvuke unaungua, kile kijifuko cha kitambaa kinapashwa hadi kinakuwa cheupe, ndipo usiku unakuwa mchana. Kwenye LED hakuna kinachopashwa ili kitoe mwanga. Umeme unapita kwenye kipande kidogo sana cha nusukondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme nusunusu, na mwanga unatoka hapohapo.

Lakini niruhusu nikurekebishe kwenye jibu ulilompa mtoto. LED ina joto. Shika mgongo wa taa ya wati 50 iliyowashwa nusu saa, utaachia mwenyewe. Yale mapezi ya alumini nyuma yake yamewekwa ili kutoa joto hilo, na zile za bei ya chini zisizo na mapezi ya maana ndizo ninazoletewa zimekufa kabla ya mwaka. Kwa hiyo ukisema "mwanga bila joto", taa zangu zinakukatalia.

#3 Mwalimu wa Pwani

Marahaba, fundi. Umenisaidia kuliko unavyodhani, maana nimerudi kusoma upya nikakuta kosa ni langu. Wiedemann hakusema mwanga usio na joto. Alisema mwanga ambao sababu yake si kupanda kwa joto peke yake. Nilichotakiwa kumwambia binti ni kwamba ule mwanga "hautokani na joto", nami nikasema "hauna joto". Ni silabi chache tu, lakini maana imehama kabisa.

Kwenye balbu ya waya, joto ndilo mzazi wa mwanga. Waya unafikishwa kwenye nyuzi kama 2,500 za Selsiasi, na bado chini ya sehemu 10 kati ya 100 za umeme ndizo zinazotoka kama mwanga tunaouona. Kwenye LED joto ni hasara ya njiani: umeme uliokusudiwa kuwa mwanga ukakosa.

Na binti alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi na tumbo la kimulimuli. Mwaka 1847 John William Draper alionyesha kwamba kitu kigumu kikipashwa huanza kuonekana chekundu gizani kikifika nyuzi kama 525. Chini ya hapo jicho halioni kitu. Maana yake kimulimuli angetegemea joto ili aonekane, angekuwa majivu kabla hajatoa hata wekundu wa kwanza, na ule ukijani wake wa manjano uko mbali zaidi ya hapo.

Anachofanya ni kemia. Kwenye pingili za mwisho za tumbo ana kitu kinachoitwa lusiferini na kimeng'enya kinachoitwa lusiferesi. Majina hayo yalitolewa na Mfaransa Raphaël Dubois katika miaka ya 1880, alipokuwa akichunguza mbawakawa wenye mwanga na kombe wa baharini. Lusiferini inaungana na oksijeni kwa nguvu ya ATP, ileile inayoendesha misuli yetu. Molekuli inayozaliwa inakuwa imejaa nishati kupita kiasi, na inapotulia inaitema ziada hiyo kama chembe moja ya mwanga. Si kila molekuli inafanikiwa. Vipimo vilivyofanywa Japani na kutangazwa 2008 vilipata kama 41 kati ya 100. Mdudu anafungulia na kufunga mambo haya yote kwa kudhibiti oksijeni inayofika pale.

Kwa hiyo neno ninalotafuta sasa ni la mwanga usiotokana na joto. Endeleeni.

#4 Bint Mvita

Asalaam aleykum. Mie ni wa Mombasa. Kimulimuli twamwita pia kimetameta, yategemea ulilelewa mtaa gani.

Ngoja nikupe mfano wa nyumbani. Nyanya yangu ana tasbihi ile ya rangi ya maziwa iliyoingia ukijani, aliletewa na waliokwenda Makka. Kabla ya kulala huishika karibu na taa kwa muda, yuaigeuza upande huu na huu kama mtu aotaye moto. Kisha taa huzimwa, ashusha chandarua, na ndani ya chandarua mwaona tasbihi tu yatembea, punje moja baada ya nyingine, kijani. Mkono wake hauonekani.

Nimemsikiliza miaka mingi. Mshumaa kwake wawaka. Koroboi yawaka. Tasbihi husema yang'aa. Sijamsikia hata siku moja akisema tasbihi yawaka, na hakuna aliyemfundisha fizikia. Jana nilimuuliza kwa nini, akanitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanywewa. "Kwani ina moto?"

Na kuhusu kiatu, mwalimu, kizime taa. Kiatu haking'ai gizani. Tasbihi yang'aa gizani. Ukiongeza neno "gizani" umeshamtoa kiatu.

#5 Mwalimu wa Pwani

Wa aleykum salaam. Dada, hilo la kuzima taa nitalifanya darasani kesho kutwa, kwa madirisha yaliyozibwa na makhanga.

Kwa wanaojiuliza tasbihi inafanyaje: inakula mwanga wa taa, inaukalia, halafu inauachia kidogokidogo. Za zamani zilikuwa na zinki salfaidi na zilichoka baada ya muda mfupi. Mwaka 1993 Wajapani walipata strontiamu aluminati, ambayo hubaki na mwanga saa nyingi, na sasa iko kwenye vibao vya kutokea dharura na mishale ya saa.

Kabla ya hapo, kuanzia miaka ya 1910, saa zilipakwa rangi yenye rediamu, metali yenye mionzi. Mabinti wa viwandani kule New Jersey walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo yao, mamia ya mara kwa siku. Rediamu ikaingia kwenye mifupa, taya zikaoza. Kesi yao iliisha kwa fidia mwaka 1928, wakati wengine walishakufa. Nawaza juu yao kila ninapoona mtu anasema mwanga baridi hauna madhara. Mwanga wenyewe haukuwadhuru. Kilichousukuma ndicho kilichowaua.

#6 Kerio

Mimi natoka upande wa Elgeyo Marakwet na nataka kuongeza jiwe kwenye huu mjadala, jiwe kabisa.

Kuna aina ya luminesensi ambayo kitu kinapigwa na mwanga usioonekana, wa urujuanimno, na hapohapo kinarudisha mwanga wa rangi inayoonekana. Ukiondoa taa, kinazimika papo hapo. Hakibakizi kitu kama tasbihi ya nyanya. Inaitwa fluoresensi, na aliyeipa jina hilo ni George Gabriel Stokes, 1852, akilichukua kutoka jiwe la floraspa. Jiwe hilo limechimbwa miaka mingi Kimwarer, ndani ya Bonde la Kerio. Watu wa kwetu wamebeba mawe yaliyolipa jambo hili jina lake, na shuleni tulisoma neno hilo kama kitu kilichoshuka kutoka angani.

Mifano yake mnayo. Wakala wa pesa akipitisha noti yako chini ya taa ndogo ya zambarau, nyuzi zilizofichwa kwenye karatasi zinajitokeza. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga linang'aa buluu chini ya taa hiyo, kwa sababu sabuni imewekewa dawa ya kufanya weupe uzidi. Nge naye: toka usiku na tochi ya urujuanimno, mulika kwenye mawe, utamwona kijani kama ametengenezwa kwa plastiki. Kwetu wengine huitumia kukagua nyumba kabla ya kulaza watoto. Hata kwinini inang'aa buluu. John Herschel aliandika kuhusu hilo 1845, miaka saba kabla ya Stokes kutoa jina.

Maoni yangu: tuchukue luminesensi kama ilivyo. Tulichukua oksijeni, tulichukua fosforasi. Ukitafsiri mzazi utalazimika kutafsiri na watoto wote, fluoresensi, fosforesensi na wengine, na mwanafunzi atakayefika chuo ataanza upya.

#7 Mwalimu wa Pwani

Kerio, hoja yako ina uzito na sitaki kuipita juujuu.

Kwa watoto wa mzazi, nakubali. Fluoresensi na fosforesensi zibaki hivyohivyo kwenye vitabu vya juu. Lakini mzazi mwenyewe ni dhana ambayo mtoto wa darasa la sita anaihitaji leo, na neno la kukopa halimwambii chochote. Na majina ya wenzetu nayo yanapotosha. Fosforasi iligunduliwa Hamburg 1669 na Hennig Brand, aliyechemsha mikojo mingi akitafuta dhahabu, akapata kitu kinachong'aa gizani. Jina lake kwa Kigiriki ni "mbeba mwanga". Kutokana nalo wakaita fosforesensi kile kitendo cha kuuhifadhi mwanga na kuuachia taratibu. Kumbe fosforasi yenyewe haihifadhi mwanga hata kidogo! Inang'aa kwa sababu inaungana na oksijeni ya hewani, kikemia, jamaa ya kimulimuli. Kilichokuwa kikihifadhi mwanga kweli ni jiwe alilolichoma fundi viatu wa Bologna, Vincenzo Casciarolo, mwanzoni mwa miaka ya 1600. Haki ingefuatwa, kitendo kingeitwa kwa jina la jiwe lake.

Kwa hiyo neno la kigeni si salama zaidi kwa kuwa la kigeni. Lilitungwa na watu waliokuwa wanapapasa, kama sisi hapa.

#8 Mtafsiri

Mimi hutafsiri miongozo ya vifaa. Niliwahi kuandika "mwanga baridi", mteja akairudisha. Alidhani namaanisha zile taa nyeupe zenye ubuluu, maana kwenye maboksi huandikwa "baridi" kwa nyeupe na "vuguvugu" kwa ya njano. Hizo ni habari za rangi, hazihusiani na namna mwanga ulivyozaliwa. Tena kwa kipimo cha fizikia ni kinyume: kitu kilichopashwa kikitoa mwanga wa buluu kina joto kubwa kuliko kinachotoa wa njano.

Na "baridi" inaleta shida ya fundi. LED inaunguza mkono, utaitaje baridi?

#9 Fundi Umeme, Mwanza

Hilo ndilo nililotaka kuuliza. Halafu, wakuu, mbona -waka imeshaachana na moto zamani? Simu haiwaki. Gari limekataa kuwaka. Redio imewaka. Hakuna moto hapo.

#10 Baharia

Nachangia kidogo tu. Usiku wa tarehe 25 Januari 1995 meli ya Uingereza iitwayo Lima, ikipita mashariki mwa pwani ya Somalia, iliingia kwenye bahari nyeupe kama maziwa, ikasafiri ndani yake kwa saa kadhaa. Miaka kumi baadaye wanasayansi walifungua picha za setelaiti za siku zile, wakaikuta: kilomita za mraba kama 15,400, na iliendelea kuonekana usiku tatu mfululizo. Unguja na Pemba kwa pamoja ni kama 2,500. Inadhaniwa ni bakteria.

Hiyo ni tofauti na ya mjomba wako, mwalimu. Ya mjomba ni viumbe vidogo vya majini ambavyo hutoa mwanga vikiguswa, ndiyo maana uliiona kwenye kasia. Ya maziwa haihitaji kuguswa, inatulia tu na mwanga wake kama shuka.

#11 Mwalimu wa Pwani

Baharia, asante. "Inatulia na mwanga wake." Nimeandika.

Naanza na fundi. Ni kweli kwamba -waka imepanuka hadi kwenye gari na simu, na sitamkataza mtu kusema kimulimuli anawaka. Barazani nami nitasema hivyo. Lakini imepanuka kwa maana ya kuanza kazi: gari likiwaka linaunguruma, halitoi mwanga. Tukibaki kwenye mwanga wenyewe, nyanya wa Mvita ametuonyesha kwamba ndani ya kinywa cha mtu aliyeimeza lugha mpaka upo tayari. Chenye moto kinawaka. Kisicho na moto kinang'aa. Kwa hiyo jozi ninayoipendekeza ni mwako kwa mwanga uliozaliwa na joto, na mng'ao baridi kwa mwanga uliozaliwa na kitu kingine, iwe kemia, umeme au mwanga mwingine.

Mtafsiri, hiyo "baridi" nimeipigania kichwani siku mbili. Kilichonituliza ni namna tunavyoitumia kila siku. Ingia mgahawani uagize soda, utaulizwa ya baridi au ya moto. Ya moto ni ile iliyokaa kwenye kreti. Haijapashwa na mtu, na hakuna anayeogopa kubabuka ulimi. Tunasema vita baridi, tukimaanisha vita ambavyo bunduki hazikulia baina ya wakubwa wenyewe. Vinywaji baridi ni visivyo na kilevi, hata vikiwa juani. Kwenye lugha yetu baridi si lazima iwe kipimo cha kipimajoto. Mara nyingi inasema tu kwamba ule moto unaoutarajia hapa haupo. Na hicho ndicho ninachotaka kusema juu ya LED: mkono utaungua, sawa, lakini mwanga wenyewe haukutoka kwenye moto huo.

Nimechagua mng'ao nikaacha mwanga kwa sababu ya yale maboksi uliyoyataja. "Mwanga baridi" wauza taa wameshauchukua. "Mng'ao baridi" bado hauna mwenyewe.

#12 Kerio

Nitaendelea kuandika luminesensi kwenye mabano yangu. Lakini mng'ao baridi nimeulewa bila kuelezwa mara mbili, na hilo nalikiri.

#13 Bint Mvita

Nyanya amesema neno zuri, ila "baridi" ya nini, kwani king'aacho kina moto?

#14 Mwalimu wa Pwani

Mpe shikamoo nyanya. Kwa watu kama yeye "mng'ao" pekee yatosha. "Baridi" ni kwa sisi tuliokwisha kuuchanganya na viatu.

Leo nimefundisha. Tuliziba madirisha kwa makhanga manne. Nilikuwa na mshumaa, kibao cha dharura nilichokiazima, na kiatu changu kilichopigwa dawa. Nilipozima mshumaa kiatu kikapotea, kibao kikabaki, na darasa likapiga kelele hadi mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

Kisha tukafungua madirisha, nikachora mistari miwili mirefu ubaoni ili kupata safu mbili, MWAKO na MNG'AO BARIDI, nikawapa chaki. Jua, mkaa na balbu ya waya vikaenda kushoto bila ubishi. Kimulimuli na taa ya LED ya ofisini vikaenda kulia; bahari ya usiku nayo ikaandikwa kulia na mvulana ambaye baba yake ni mvuvi, kabla sijaitaja. Ubishi ulikuja kwenye mwezi. Wengine kushoto, wengine kulia, sauti juu. Nikanyamaza.

Yule binti wa dawati la mbele akaja, akachukua chaki, akauliza, "Mwezi si kama kiatu?" Akaandika "mwezi" pembeni kabisa, nje ya mistari yote miwili, na chini yake akaandika "kiatu".